Nakala, Idhini na Uhai wa Maandishi: Maktaba za Kivuli katika Mizani ya Mapokeo ya Mvita

1. Utangulizi

Katika miaka ya karibuni pamezuka mjadala mkubwa juu ya hifadhi za vitabu zilizomo katika intaneti, ambazo huwagawia wasomaji vitabu na makala bila ya idhini ya wachapishaji. Hifadhi hizo zimepewa jina la maktaba za kivuli. Aghalabu mjadala huendeshwa kana kwamba swali ni moja tu, yaani, je, maktaba hizo ni halali au haramu? Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba maswali ni mawili, na kwamba kuyachanganya kumewapotosha watetezi na wapinzani wao sawasawa. Swali la kwanza ni la uhalali: nani ana haki ya kutoa nakala? La pili ni la uhai: andiko hubakije hai baada ya mtunzi kufa, mchapishaji kufunga duka na karatasi kuliwa na mchwa?

Mvita na bara yake ni mahali pafaapo kupimia maswali haya. Ushairi wa Mombasa uliishi kwa nakala za mkono muda mrefu kabla haujaishi kwa mashine ya chapa, na hapana mtu aliyeomba ruhusa ya kampuni yoyote ili kuunakili. Leo nako, mwanafunzi wa Likoni aghalabu hulazimika kuvuka kwa feri, wa Kisauni kupita daraja la Nyali, na wa Changamwe kupita Makupa, ili afike kwenye maktaba kubwa ya umma iliyoko kisiwani. Akifika huenda asikikute kitabu alichokitaka. Hali hiyo ndiyo iipayo hoja hii uzito wake, kwa kuwa msomaji asiye na kitabu hangoji wanasheria wamalize kujadiliana.

2. Maneno na hukumu zilizofichika ndani yake

Yafaa kuanza na istilahi, maana katika suala hili maneno yenyewe yamekwisha kutoa hukumu kabla ya hoja kusikilizwa. Neno nakala limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuhamisha au kuchukua kitu kutoka mahali hadi mahali. Anakiliye, kwa mujibu wa asili hiyo, ni mchukuzi: amepewa mzigo na analazimika kuufikisha salama. Hapana katika neno hili dokezo lolote la wizi, bali mna dokezo la amana.

Neno hakimiliki lina mwelekeo mwingine. Istilahi ya Kiingereza ambayo neno hili linaitafsiri huizungumzia nakala, yaani haki ya kuitoa. Istilahi ya Kiswahili imeiacha nakala na kuushika umilikaji. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili asikiapo hakimiliki huwaza shamba au nyumba, kitu ambacho akikichukua mmoja mwenzake hukikosa. Lakini shairi likinakiliwa halimtoki mwenye nalo. Tofauti hii si ndogo, na watunga istilahi hawakuisisitiza vya kutosha.

Uharamia nalo ni neno zito. Haramia ni mnyang'anyi, na katika lugha ya wenyeji wa bahari ni mwizi wa majini. Kuliita tendo la kutoa kivuli cha kurasa thelathini uharamia ni kumtia mwanafunzi katika jahazi moja na wanyang'anyi. Kwa upande mwingine, neno kivuli limewapendelea washtakiwa kuliko walivyostahili. Kwa Kiswahili kivuli si giza tu. Ni mahali pa kupumzikia jua linapochoma. Kwa hiyo jina maktaba ya kivuli, ambalo kwa Kiingereza hudokeza jambo la sirisiri, kwa Kiswahili hudokeza pia hifadhi na stara. Mhakiki hana budi kuyatambua mapendeleo ya pande zote mbili kabla ya kuendelea.

3. Namna mashairi yalivyosalimika

Historia ya matini za Mvita ni historia ya nakala. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Mashairi yake yalibaki katika vinywa na kumbukumbu za watu, kisha yakakusanywa na kuandikwa kwa hati ya Kiarabu na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Mmisionari W. E. Taylor, aliyeishi Mombasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, aliyanakili na kuyatilia maelezo. Karatasi zake zikaishia London. William Hichens akazitumia kuchapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akazirudia karatasi hizo alipotoa utafiti wake juu ya Muyaka, uliochapishwa Nairobi mwaka 1979. Katika mnyororo huo wote hapana kiungo kimoja kilichopata idhini ya mtunzi. Lau Mwalimu Sikujua angengoja idhini, leo pasingekuwa na somo la Muyaka katika idara yoyote.

Hali ilikuwa hivyo hivyo kwa tendi. Ludwig Krapf, aliyeishi Rabai, nje kidogo ya Mombasa, alipeleka miswada ya Kiswahili kwenye maktaba ya chama cha wataalamu wa mambo ya mashariki huko Halle, Ujerumani, mwaka 1854. Kwa njia hiyo nakala za kale ziliokoka na mvua, moto na wadudu wa pwani. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba ziliokoka kwa kuondoka. Kwa muda mrefu aliyetaka kuzisoma ilimbidi asafiri Ulaya, na wajukuu wa wenye miswada hawakuwa na nauli. Uhai wa andiko, basi, si kuwapo kwake tu mahali fulani duniani. Ni kuwapo mahali ambapo wenye lugha wanaweza kulifikia.

Hata hivyo lingekuwa kosa kudhani kwamba kwa kuwa hapakuwa na sheria ya hakimiliki basi hapakuwa na adabu ya kunakili. Adabu ilikuwapo, na imeandikwa ndani ya tendi zenyewe. Katika beti za mwisho mtunzi alizoea kutaja jina lake, mara nyingine mwaka wa Hijra, na mara nyingi idadi ya beti. Mwana Kupona, kwa mfano, alimalizia utendi wake wa mwaka 1858 kwa kuitaja tarehe na hesabu ya beti. Hesabu hiyo haikuwa pambo. Ilikuwa kufuli: mwandishi aliyeruka ubeti au kuuongeza alijulikana mara moja. Kutokana na mazoea hayo twaweza kutoa masharti matatu yaliyomfunga mwenye kunakili. La kwanza ni jina: mtunzi asifichwe. La pili ni usahihi: matini isipunguzwe wala isizidishwe. La tatu ni dhamana: ijulikane nakala imetoka kwa nani na imekaa kwa nani, ili mwenye shaka apate kuuliza.

Tena yapasa kukiri kwamba masharti hayo hayakutimizwa daima. Wataalamu wamejadili kama kila shairi lililomo katika diwani ya mwaka 1940 ni la Muyaka kweli. Shaka ya namna hiyo huzuka pale ambapo dhamana imelegea na mkono mmoja katika mnyororo haukusema ulichokipokea na kutoka kwa nani.

4. Kesi na ukaidi wa maktaba za kivuli

Library Genesis ilianzia Urusi yapata mwaka 2008, na Sci-Hub ilianzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan, mzaliwa wa Kazakhstan. Mwaka 2015 kampuni ya Elsevier ilizishtaki zote mbili huko New York, na mwaka 2017 mahakama ikaamuru zilipe dola milioni 15. Mwaka 2024, katika shauri jingine la wachapishaji wa vitabu vya kiada, Library Genesis iliamriwa ilipe dola milioni 30. Washtakiwa hawakufika mahakamani katika hukumu hizo. Novemba 2022 serikali ya Marekani ilizitwaa anwani nyingi za Z-Library, na Warusi wawili wakakamatwa Argentina. Hata Internet Archive, ambayo haijifichi na ambayo iliazimisha nakala za vitabu ilivyokuwa navyo kwa karatasi, ilishindwa mahakamani mwaka 2023, na rufani yake ikakataliwa Septemba 2024.

Kwa upande wa uhalali, basi, mambo ni bayana: mahakama za Marekani zimekwisha kusema. Kwa upande wa uhai mambo ni kinyume. Library.nu ilipofungwa mwaka 2012, wingi wa vitabu vilivyokuwa vikisomwa humo viliendelea kupatikana kwingine, kwa sababu nakala zilikuwa zimekwisha kusambaa. Kila faili katika Library Genesis hutambulishwa kwa alama ya tarakimu na herufi inayokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Likibadilika hata kidogo, alama hubadilika. Mwenye kuzijua tendi hatakosa kuona udugu wa alama hiyo na hesabu ya beti. Mafundi wa kompyuta na watunzi wa pwani wamefikia, kila mmoja kwa njia yake, fikra moja: kwamba kinachonakiliwa na mikono mingi hakina budi kubeba ndani yake kipimo cha usahihi wake.

Kwa masharti matatu yaliyotajwa, maktaba za kivuli zimetimiza mawili kwa kiasi kikubwa. Jina la mtunzi hutajwa, na usahihi wa faili hulindwa. Zimeshindwa katika la tatu. Mlezi wa nakala hajulikani, hawezi kuulizwa, na mtunzi aliye hai hana mlango wa kubisha. Hapo ndipo zinapoachana na Mwalimu Sikujua, ambaye jina lake lajulikana hadi leo.

5. Sheria ya Kenya na msomaji wa bara ya Mombasa

Kenya ilipata sheria yake ya kwanza ya hakimiliki baada ya uhuru mwaka 1966, nayo ikafuatwa na sheria ya mwaka 2001. Kwa mujibu wa sheria hii, haki za kazi ya fasihi hudumu kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Sheria yaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki na kutoa habari za matukio, mradi chanzo kitajwe. Yaruhusu pia vifungu viwili vifupi kutiwa katika mkusanyo wa kufundishia shuleni. Yafaa kutambua kwamba sharti la kutaja chanzo ni lile lile sharti la jina lililokuwamo katika tendi. Sheria ya kisasa na adabu ya kale hazipingani katika kila jambo, ingawa mara nyingi husemwa kwamba zinapingana.

Mapengo yamo, lakini. Vifungu viwili vifupi havimtoshi mwalimu wa Changamwe mwenye wanafunzi hamsini na kitabu kimoja kilichokwisha madukani miaka ishirini iliyopita. Mchapishaji haoni faida ya kukichapa tena. Mrithi wa mtunzi hajulikani aliko. Na sheria humngoja mwalimu mlangoni pa duka la kutolea vivuli. Katika hali kama hiyo sheria haimlindi mtunzi, kwa kuwa mtunzi hapati chochote kitabu kisipouzwa. Yalinda ukimya.

Uhindi ilikutana na jambo hili mapema. Mwaka 2012 wachapishaji watatu, wakiwamo Oxford na Cambridge, walilishtaki Chuo Kikuu cha Delhi pamoja na duka dogo la vivuli lililokuwamo katika eneo la chuo, kwa kuwatolea wanafunzi mafungu ya sura za vitabu. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya Delhi iliwakatalia wachapishaji. Majaji wa rufani waliirejesha kesi Desemba mwaka huo ili baadhi ya mambo yasikilizwe, huku wakikubali kwamba kunakili kwa ajili ya mafundisho kwaruhusiwa. Na mwaka 2017 wachapishaji wakaiondoa kesi yao. Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Mombasa. Yaonyesha tu kwamba nchi inayofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza inaweza kumwona mwanafunzi kuwa msomaji, si haramia.

Mfano ulio karibu zaidi uko Likoni kwenyewe, ambako pana shule ya wasioona. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, waruhusu vitabu kutolewa kwa nukta nundu, sauti au maandishi ya kompyuta kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila ya kumwomba mwenye haki ruhusa. Na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yakaliingiza jambo hilo katika sheria ya nchi. Kwa hiyo riwaya moja ya Kiswahili yaweza kunakiliwa kihalali kwa mwanafunzi asiyeona wa Likoni, na isiwe halali kunakiliwa yote kwa jirani yake anayeona ambaye hawezi kuipata popote. Mfano huu haukusudii kuipunguza haki ya wa kwanza. Wakusudia kuonyesha kwamba mipaka ya hakimiliki huchorwa na watu, na kwamba waliokwisha kuisogeza mara moja kwa sababu njema waweza kuisogeza tena.

6. Mchimba kisima

Watetezi wa maktaba za kivuli husahau mara nyingi kwamba wanalitetea jambo moja lenye sura mbili. Mwandishi wa makala ya jarida la kitaaluma halipwi na mchapishaji kwa kila nakala. Alipwaye ni mchapishaji, na wakati mwingine mwandishi mwenyewe hana ruhusa ya kuigawa kazi yake. Anayeisoma makala hiyo kwa njia ya Sci-Hub hampokonyi mwandishi mkate wake. Mtunzi wa riwaya au tamthilia ya Kiswahili hayumo katika hali hiyo. Huyu hutegemea mrabaha, na soko lake ni dogo. Kazi yake ikichaguliwa kuwa kitabu teule cha shule hupata nafasi ya nadra ya kuuza nakala nyingi. Na ndipo hapo picha za kurasa zake huanza kuzungushwa kutoka simu hadi simu. Wahenga walisema mchimba kisima hakatazwi maji. Hoja ya haki ya wasomaji inayomnyima maji mchimbaji haiwezi kusimama katika mapokeo ya pwani.

Tena maktaba hizo hazimsaidii msomaji wa Kiswahili kama zinavyomsaidia wa Kiingereza. Wingi wa vitabu vilivyomo ni vya Kiingereza na lugha nyingine kubwa, kwa sababu hujazwa na wenye vitabu na mashine. Mwanafunzi wa Kisauni atapata humo vitabu vya nadharia vya Ulaya upesi kuliko diwani iliyotungwa mtaa wa pili. Ukosefu wa usawa uliomo katika maktaba za halali umehamia katika maktaba za kivuli.

Hata malipo yanapopatikana, njia yake humpita mtunzi huyu. Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani, iliyoshtakiwa na waandishi kwa kupakua vitabu kutoka maktaba za kivuli, ilikubali kulipa dola bilioni 1.5, takribani dola 3,000 kwa kila kitabu. Lakini miongoni mwa masharti ni kwamba kitabu kiwe kimesajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Kitabu cha Kiswahili kilichochapwa Nairobi au Dar es Salaam bila ya usajili huo hakimo katika hesabu, hata kama kilinakiliwa. Haki isiyomfikia mtunzi wa Mvita haiwezi kutajwa kuwa ndiyo sababu ya kumfungia kitabu msomaji wa Mvita.

7. Onyo kuhusu mfano wa gereza

Baadhi ya watetezi hupenda kumtaja Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, ambaye waraka wake Kenya: Twendapi? wa mwaka 1968 uligawiwa kwa siri na kumfanya afungwe gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalichapishwa na Oxford mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Ni kweli kwamba hapa andiko liliokoka kinyume cha amri za dola, na kwamba lililoandikwa kwa siri limekuwa nguzo ya mitaala. Lakini mfano huu hautoshi kuzitetea maktaba za kivuli. Abdilatif alivunja katazo kwa maneno yake mwenyewe, akatia mwili wake dhamana. Maktaba ya kivuli huvunja katazo kwa maneno ya mtu mwingine, na mlezi wake hujificha. Mfano huo wafundisha jambo moja tu, nalo ni kubwa: kwamba haramu ya leo si kipimo cha thamani ya andiko.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba uhalali na uhai ni mambo mawili. Hukumu za mahakama hazikuziua maktaba za kivuli, kwa sababu zinaishi kwa njia ile ile iliyoyahifadhi mashairi ya Muyaka, yaani wingi wa nakala. Wala kuishi kwao hakujazifanya ziwe za haki, kwa sababu zimekosa dhamana kwa mtunzi aliye hai.

Wajibu unaofuata ni wa idara za lugha zenyewe. Jarida la Swahili Forum limekwisha kuonyesha kwamba makala za Kiswahili zaweza kuwekwa wazi kwa wote kwa ridhaa ya waandishi na bila ya kuvunja sheria. Matoleo ya zamani ya majarida ya idara, ambayo haki zake zimo mikononi mwa vyuo, yafaa yafunguliwe vivyo hivyo. Diwani na tamthilia zilizokwisha madukani zitafutiwe watunzi au warithi wao, na ridhaa ichukuliwe kwa maandishi wangali hai wanaowajua. Ambapo mwenye haki hapatikani, vyuo viidai serikali ruhusa mahususi ya kunakili kwa mafundisho, pamoja na mfuko wa kumlipa atakapojitokeza. Na kila nakala itakayotolewa ibebe jina la mtunzi, kipimo cha usahihi na jina la mlezi wake.

Kazi hiyo isipofanywa, mwanafunzi wa Likoni ataendelea kuchagua kati ya kukosa kitabu na kukisoma kivulini. Hapana mhakiki awezaye kumlaumu kwa chaguo lake kabla ya kuilaumu maktaba iliyompa machaguo hayo mawili tu.